Sura ya Saba: Pemba ya Angani na Jiwe la Lukwengule

Hakuna mtu aliyewahi kuligusa jiwe liitwalo Pemba. Sisemi kisiwa cha karafuu. Nasema mwamba wenye upana wa kilometa 10 hivi, unaolizunguka Jua kati ya Mirihi na Mshtarii na kumaliza mzunguko mmoja kwa miaka minne na ushee. Kwenye orodha ya kimataifa ya asteroidi ni namba 1429. Kwa macho matupu haionekani kabisa, na hata kwenye darubini nzuri ni nukta tu kati ya nukta nyingine. Pamoja na hayo, wanasayansi wa anga watakwambia bila kusita kwamba ni jiwe la aina fulani, lina madini fulani, na kwamba vitu vilivyoliunda vina umri wa miaka bilioni 4.5 na zaidi kidogo.

Madai makubwa juu ya nukta. Sura hii inaeleza yanatoka wapi, na kwa nini sehemu ya maelezo hayo inapita kwenye machimbo ya ulanga ya Milima ya Uluguru.

Tuanze na jina, maana ndilo jepesi. Pemba iligunduliwa tarehe 2 Julai 1937 na Cyril Jackson, mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi Johannesburg katika kituo cha serikali cha kuangalizia nyota. Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Unapiga picha eneo moja la anga kwa nyakati mbili tofauti, halafu unaziweka picha hizo kwenye mashine yenye lenzi inayokuonyesha moja, kisha nyingine, kisha ya kwanza tena, harakaharaka. Nyota zinatulia mahali pake. Kilichosogea kinarukaruka. Kwa mashine ya namna hiyo ndipo Robert Innes, mkuu wa kituo hicho, alipoitambua mwaka 1915 nyota ya Proxima Centauri, iliyo jirani kuliko zote na Jua letu. Jackson alitafuta vitu vidogo zaidi, na hadi mwisho wa kazi yake alikuwa amehesabiwa asteroidi 72.

Mgunduzi ndiye mwenye haki ya kupendekeza jina, na Jackson alikuwa na tabia iliyotufaa sisi: alilitazama bara alilokaa. Kenya na Uganda zilipata asteroidi zao kutokana na picha za Juni 1933. Tanga ni ya 1930, aliyoigundua pamoja na Harry Edwin Wood. Nyanza, Tana na Ruanda ni za 1935. Mwaka 1937 zikafuatana kwenye orodha Ruvuma, namba 1427, Mombasa, 1428, Pemba, 1429, Somalia, 1430. Ukiyasoma majina hayo kwa mfululizo unamwona mtu aliyefungua atlasi mezani na kupandisha kidole polepole kuufuata mwambao.

Kwa nini Juni na Julai zinajirudia katika tarehe za ugunduzi wa Jackson? Hili ndilo linalonivutia kuliko majina yenyewe. Asteroidi hung'aa vizuri zaidi inapokuwa upande wa anga unaolikabili Jua, ikichomoza jua linapotua na kupita juu kabisa usiku wa manane. Mwezi wa Julai Jua liko kaskazini, kwa hiyo sehemu ya anga inayolikabili iko kusini, nayo hupita karibu na utosi wa mtu aliyesimama Johannesburg. Wakati huohuo ni kipupwe huko: usiku mrefu, hewa kavu, mawingu machache. Ulaya mambo yalikuwa kinyume. Usiku wa Julai ni mfupi na haukolei giza, na eneo hilohilo la anga linajikokota chini karibu na upeo wa macho. Miezi hiyo, basi, ilikuwa ya watu wa kusini, na Afrika ikaandikwa angani kwa wingi kwa sababu ya mwinamo wa Dunia na ukavu wa nyanda za juu za Transvaal. Morogoro, iliyo karibu digrii saba kusini mwa ikweta, ingefaa zaidi kwa upande mmoja: njia ya sayari na asteroidi hupita karibu na utosi mwaka mzima. Ila mtu yeyote aliyewahi kuishi chini ya Uluguru anajua kikwazo. Mlima huo unavuna mawingu ya Bahari ya Hindi, na ndiyo maana Mto Ruvu upo na Dar es Salaam inakunywa maji.

Wapemba hawakuulizwa, bila shaka. Mwaka huo wa 1937 kisiwa kilikuwa chini ya Sultani Khalifa bin Harub na ulinzi wa Waingereza, na gumzo la visiwani lilikuwa ni karafuu: sheria mpya ya ununuzi wake, hasira za wafanyabiashara wa Kihindi, na mgomo uliofuata hadi India yenyewe. Nadhani hakuna mchumaji hata mmoja wa Wete au Chake Chake aliyepata habari kwamba jina la kisiwa chake limepewa jiwe. Heshima ya namna hiyo ni ya karatasi. Inapendeza kuisimulia, lakini haikubadili chochote katika tunachokijua kuhusu jiwe lenyewe. Kwa hilo la pili Afrika Mashariki ilichangia kitu kizito zaidi, zaidi ya miaka 20 kabla ya Jackson kuitoa Pemba gizani, na mchango huo hauimbwi.

Kwanza ukubwa. Lupanga, kilele kinachoutazama mji wa Morogoro, kina mita 2,138 juu ya usawa wa bahari, na mji uko kama mita 500. Anayekipanda anapanda kilometa moja na nusu na zaidi. Upana wa Pemba ya angani unazidi mara sita ya mwinuko huo. Hata hivyo uvutano wake ni hafifu sana. Tukichukulia kwamba uzito wa mwamba wake unalingana na wa mawe ya namna yake, mtu aliyesimama juu yake angevutwa kwa nguvu pungufu mara 2,600 hivi kuliko hapa Duniani. Mtoto wa Kigurunyembe, hapa Morogoro, anayerusha jiwe kuangua embe, huko angelirusha lisirudi tena. Kasi ya mita 6 kwa sekunde inatosha kuiaga Pemba moja kwa moja, na mkono wa mtoto unaizidi kasi hiyo.

Ukanda lilimo jiwe hili si ule wa filamu, ambamo marubani wanakwepa miamba kushoto na kulia. Zaidi ya asteroidi milioni moja zimeshaorodheshwa, lakini zimetapakaa katika nafasi kubwa kiasi kwamba vyombo vinavyokwenda Mshtarii vinaupita ukanda huo bila shida. Ukizikusanya zote pamoja hupati hata asilimia tano ya uzito wa Mwezi. Mshtarii, kwa uvutano wake mkubwa, ilizivuruga mapema zisiungane kuwa sayari, na bado inazivuruga: kuna mapengo ambamo asteroidi hazikai, kwa sababu kila inayoingia husukumwa na Mshtarii mara kwa mara mahali palepale hadi mzunguko wake unaharibika. Mmarekani Daniel Kirkwood aliyatambua mapengo hayo katika karne ya 19. Pemba iko nje kidogo ya mojawapo, lile ambalo mwamba ungezunguka mara tatu wakati Mshtarii inazunguka mara moja. Pengo hilo ni mlango. Vipande vinavyoteleza humo baada ya migongano hurushwa kuelekea sayari za ndani, na baadhi huishia mashambani kwetu.

Sasa aina ya jiwe. Mwanga wa Pemba ni mwanga wa Jua uliorudishwa, na unaporudi unakuwa umepungukiwa na kitu. Madini kama olivini na piroksini, yaliyo ya kawaida pia kwenye miamba ya volkano, hufyonza sehemu fulani za mwanga usioonekana ulio jirani na wekundu. Upungufu huo ukipimwa, madini yanajulikana. Kipimo cha pili ni mng'ao. Asteroidi za mawe hurudisha karibu asilimia 20 ya mwanga unaozipiga. Zile nyeusi, zenye kaboni nyingi, hurudisha asilimia tano au pungufu. Pemba na Mombasa, zilizogunduliwa mwezi mmoja na mtu mmoja, ni mfano mzuri wa tofauti hiyo. Mombasa ina upana wa zaidi ya kilometa 50 lakini ni nyeusi mno. Pemba ni ndogo, ila ina uso wa jiwe linalorudisha mwanga. Laiti Pemba ingekuwa nyeusi kama jirani yake, huenda Jackson asingeiona.

Kwa miongo mingi kulikuwa na ugomvi juu ya asteroidi za mawe. Vimondo vingi vinavyoanguka Duniani ni vya mawe, vya kundi liitwalo kondriti za kawaida, na ilitarajiwa kwamba vinatoka kwenye asteroidi hizo. Lakini rangi hazikuoana: asteroidi zilionekana nyekundu kuliko vimondo. Chombo cha Galileo kiliipita Gaspra, asteroidi ndogo ya mawe kama Pemba, mwezi wa Oktoba 1991, kikaipita na Ida mwaka 1993, na picha zake zikaonyesha kwamba uso uliochimbuliwa karibuni una rangi tofauti na uso wa zamani. Uchakavu ndio uliokuwa unatudanganya. Upepo wa Jua na vumbi linalogonga bila kukoma huubadili uso wa jiwe, wakati ndani limebaki vilevile. Jibu la mwisho lililetwa na Wajapani. Chombo chao Hayabusa kilirudi mwaka 2010 na chembe za vumbi kutoka asteroidi Itokawa, chembe ambazo nyingi yake huzioni bila hadubini, na zilipochunguzwa zikalingana na kondriti za kawaida.

Maana yake ni kwamba watu wa Mbale, Uganda, wameshalishika mkononi jiwe la ukoo huo. Tarehe 14 Agosti 1992 kimondo kilipasuka juu ya mji huo na kumwaga mawe katika majumba, mashamba na migomba. Kipande cha gramu chache kilipita kwenye majani ya mgomba na kumpiga kijana mmoja kichwani bila kumjeruhi. Thika, Kenya, ikapata lake tarehe 16 Julai 2011. Yote mawili ni kondriti za kawaida. Tanzania nayo ina hazina yake, ingawa Kimondo cha Mbozi kimezifunika habari nyingine zote kwa ukubwa wake. Mbozi ni chuma. Kwa msomaji wa sura hii mawe madogo yana mengi zaidi: lile la Peramiho lililoanguka Oktoba 1899, ambalo ni lava iliyoganda na linahusishwa na asteroidi kubwa ya Vesta, na lile la Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, lililoanguka Desemba 1938. Gramu 705 tu zilizookotwa Ivuna zilitosha kulipa jina kundi zima la vimondo, kundi adimu ambalo kemia yake, ukiacha gesi, inakaribia ile ya Jua. Ningekuwa na sauti katika wizara inayohusika, kila mwanafunzi wa kidato cha pili angeijua Ivuna kabla ya kuijua Mbozi.

Basi, tunajua ni jiwe gani. Umri je?

Hapa turudi Uluguru. Milima hii imejengwa kwa miamba ya kale iliyopikwa na kukandamizwa chini sana ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, mabara ya zamani yalipogongana na kuungana. Mwamba ulioyeyuka ulipenya kwenye nyufa na kuganda polepole, na kwa kuwa uliganda polepole ukaacha fuwele kubwa. Humo ndimo mlimokuwa na ulanga, yale madini yanayobanduka kwa tabaka nyembamba zinazopitisha mwanga na kustahimili moto, ambayo Wajerumani waliyachimba Uluguru kwa bidii mwanzoni mwa karne ya 20. Na pamoja na ulanga, mahali paitwapo Lukwengule, wachimbaji walitoa kitu kingine: mawe meusi, mazito kupita kiasi kwa ukubwa wake, yenye ganda la manjano.

Jiwe jeusi lilikuwa uraninaiti, yaani urani na oksijeni. Ganda la manjano lilikuwa madini ambayo sayansi haikuwa imeyaandika popote: urani iliyoungana na kaboneti baada ya jiwe kukaa muda mrefu kwenye hewa na maji. Mkemia Willy Marckwald wa Berlin aliyachambua mwaka 1906 na kuyaita rutherfordini, kwa heshima ya Ernest Rutherford, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Montreal, Kanada. Hadi leo, ukifungua kitabu cha madini kutafuta makazi ya asili ya rutherfordini, utakuta Morogoro. Reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa bado haijaufikia mji; ilifika mwaka uliofuata.

Heshima ile ilimstahili mwenyewe, maana ni Rutherford aliyekuwa wa kwanza kutangaza kwamba madini yenye mionzi yanaweza kutumiwa kupima umri wa miamba. Atomu ya urani haitulii. Ikipewa muda inatoa chembe za heli moja baada ya nyingine, ikigeuka kitu kingine kila hatua, mpaka inapoishia kwenye risasi. Mwendo huo hauharakishwi na joto wala kucheleweshwa na baridi. Chukua urani yoyote: baada ya miaka bilioni 4.47 nusu yake itakuwa imekwisha kugeuka. Ukipima urani iliyobaki ndani ya fuwele na risasi iliyozaliwa humo, umepata saa. Mwaka 1907 Mmarekani Bertram Boltwood alichapisha umri wa mawe kadhaa kwa njia hiyo, na watu wakashtuka kusikia mamia ya mamilioni ya miaka.

Lakini saa hiyo ilikuwa na kasoro ambayo haikuweza kupuuzwa. Risasi iko kila mahali. Nani alikuthibitishia kwamba risasi uliyoikuta kwenye jiwe imezaliwa humo, na haikuwemo tangu mwanzo? Na nani alikuthibitishia kwamba mwisho wa urani ni risasi kweli?

Hesabu ya kujibu ilikuwa rahisi kuisema. Urani ina uzito wa 238. Ikipoteza chembe nane za heli, kila moja yenye uzito wa 4, inapoteza 32, inabaki 206. Risasi ya kawaida, ile ya mabomba na ya bunduki, ina uzito wa 207.2. Kama nadharia ni ya kweli, basi risasi iliyozaliwa na urani iwe nyepesi kuliko risasi ya dukani, ingawa kwa kemia zote mbili ni kitu kimoja. Kwa wakemia wa enzi hiyo hilo lilikuwa karibu na matusi. Elementi moja ilikuwa na uzito mmoja, na baadhi yao walikuwa wamemaliza maisha yao kuupima.

Kazi ilifanyika Vienna, katika taasisi ya utafiti wa radiamu, mikononi mwa Otto Hönigschmid na mkemia kijana kutoka Warsaw, Stefanie Horovitz. Ilikuwa kazi ya mikono ya kuchosha kuliko inavyoelezeka. Jiwe linayeyushwa katika asidi. Risasi inatengwa na urani, na kila uchafu uliojibanza, halafu inarudishwa kwenye hali ya fuwele na kuyeyushwa tena, na tena, mpaka isibaki hata chembe ya kitu kingine. Kisha kloridi ya risasi inapimwa dhidi ya fedha safi kwenye mizani ambayo pumzi ya mpimaji inatosha kuivuruga. Anayekosea mwishoni anaanza upya. Walianza na mawe ya Joachimsthal, Bohemia, machimbo yaleyale yaliyowapa akina Curie radiamu yao. Wakapata 206.7. Ni pungufu ya 207.2, lakini bado si 206: mawe yale yalikuwa yamechanganyikana na risasi ya kawaida.

Walihitaji jiwe safi zaidi, la fuwele nzuri, lisiloingiliwa na risasi ya kigeni. Jiwe hilo likatoka Morogoro. Katika vipimo vilivyochapishwa mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 na 1915, risasi ya uraninaiti ya Uluguru ilipimwa na kutoa 206 na chembe. Jiwe lingine la Norwei likatoa jibu linalokaribiana sana. Ubishi ulikwisha. Risasi iko ya namna zaidi ya moja, elementi moja inaweza kuwa na atomu zenye uzito tofauti, na wazo la isotopu, ambalo Frederick Soddy alilipa jina mwaka 1913 na kupewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921, likapata ushahidi wa kupimika kwa mizani. Kwa wapima umri maana yake ilikuwa kubwa zaidi: sasa risasi ingeweza kuulizwa wazazi wake ni akina nani.

Mwezi wa Agosti 1916 majeshi ya Jenerali Smuts kutoka Afrika Kusini yaliingia Morogoro, na habari za machimbo zikafunikwa na za vita. Horovitz aliiacha sayansi baada ya vita ile. Katika vita iliyofuata Wanazi walimpeleka kwenye kambi ya mauaji ya Treblinka, akauawa mwaka 1942 kwa sababu alikuwa Myahudi. Hönigschmid alijiua Munich mwaka 1945. Katika vitabu vya kemia jina la Horovitz lilipotea kwa miongo mingi, na la Morogoro, pale lilipobaki, lilibaki kwenye jedwali kama mahali jiwe lilipotoka.

Uone sasa saa yenyewe inavyosomeka kwenye jiwe la Uluguru. Kwa umri wa miaka milioni 600 na ushee, katika kila atomu 100 za urani zilizokuwemo mwanzo, kama tisa au kumi zimeshakuwa risasi. Hiyo ni saa iliyotembea kidogo tu. Kwa kimondo ni kisa kingine, maana humo zaidi ya nusu ya urani ya mwanzo imekwisha. Tatizo la kimondo ni uchache: urani ndani yake ni haba kupindukia, na risasi ya kawaida ipo. Mmarekani Clair Patterson alitumia miaka kulitatua. Alichukua vimondo vya chuma, ambavyo karibu havina urani kabisa, ili kujua risasi ilivyokuwa Mfumo wa Jua ulipozaliwa. Halafu akavilinganisha na vimondo vya mawe, ambavyo urani yake ilikuwa imeongeza risasi yake nyepesi mwaka hadi mwaka. Mwaka 1956 alichapisha jibu kutokana na vimondo vitatu vya mawe na viwili vya chuma: miaka bilioni 4.55. Limerekebishwa kidogo tangu hapo. Chembe kongwe kabisa zilizokutwa ndani ya vimondo zina miaka bilioni 4.567. Kimojawapo cha vimondo vitatu vya mawe vya Patterson, cha Nuevo Laredo huko Meksiko, ni cha kundi moja na kile cha Peramiho.

Ndivyo Pemba ilivyopata umri wake bila kuguswa. Mwanga wake unasema ni jiwe la ukoo wa kondriti. Mawe ya ukoo huo yameanguka Mbale, Thika na kwingine kwingi. Umri wa mawe hayo umesomwa kwa risasi. Na risasi iliaminiwa kwanza kwa sababu fuwele za milima hii zilikuwa safi kuliko za Bohemia.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vingi huliruka. Umri wa jiwe na umri wa mwamba mzima ni vitu viwili. Asteroidi yenye upana wa kilometa 10 ni ndogo mno kuwa imepona salama tangu mwanzo. Nyingi za ukubwa huo ni vipande vya miamba mikubwa iliyovunjwa na migongano. Vitu vilivyomo ndani ya Pemba ni vya kale kama Jua, ila Pemba kama Pemba, yenye umbo lile na njia ile, inaweza kuwa changa zaidi. Mgongano mkali nao huacha saa yake, kwa sababu joto lake huifukuza gesi ya argoni kutoka kwenye madini, na hesabu ya gesi hiyo inaanza upya. Kwa kondriti za kundi la Mbale na Thika saa hiyo ya pili imeshasomwa. Nyingi zinaonyesha pigo moja kubwa, mwamba mzazi ulipopasuka miaka milioni 470 hivi iliyopita na kumwaga mawe mengi kiasi kwamba Wasweden wanayaokota hadi leo ndani ya chokaa ya sakafu ya bahari ya zamani. Wakati huo fuwele za Lukwengule zilikuwa zimeshakaa ardhini zaidi ya miaka milioni 100, na kama asilimia mbili ya urani yake ilikuwa tayari risasi.